Kochi la Nguo Nne

Mama Sponji alikuwa amepiga magoti nyuma ya kochi, nyundo mkononi, mdomo umejaa misumari midogo. Wifi yake alisimama mlangoni na ndoo ya maji, akamwambia kwamba siku moja atameza msumari mmoja, na wa kwenda kumweleza daktari atakuwa ni yeye.

"Mmm," alijibu Mama Sponji.

"Mmm ndiyo nini? Nitamwambia daktari amemeza kazi?"

Mama Sponji alisukuma msumari mmoja kwa ulimi hadi katikati ya midomo, akaudaka kwa kichwa cha nyundo chenye sumaku, akaupiga mara moja kwenye ubao wa chini. Msumari ulilia, tak, ukatulia. Akavuta kitambaa kwa kiganja, akakilaza, akadaka mwingine. Kazi hiyo ilikuwa imemfundisha kusema kwa pua na macho, na wifi yake, baada ya miaka yote ya kukaa naye chumba kimoja, alikuwa amejifunza kumsikia.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya kibaraza hicho hicho. Mume wa Mama Sponji alipofariki, watu walitegemea mmoja wa wanawake hao wawili arudi kwao. Hakuna aliyerudi. Wifi alifua mashuka kwenye nyumba ya wageni, na Mama Sponji aliendelea kuvisha makochi hapo kibarazani. Siku hizi sabuni zilikuwa zimemla wifi vidole hadi ngozi ikawa inachanika, kwa hiyo nyumba ya wageni ilimwita pale tu walipokosa mwingine. Nyundo ndiyo iliyokuwa ikiweka sufuria jikoni.

Na kibaraza kilikuwa na alama. Ukutani, pale juu ya marobota ya sponji, mtu wa halmashauri alikuwa amechora X nyekundu kwa brashi pana, rangi ikachuruzika. Mtaa mzima wa makochi ulikuwa na X hizo, kuanzia kwa Mzee Seremala hadi mwisho kwa wauza gundi. Ijumaa tingatinga lingekuja kupanua barabara.

"Kwa hiyo leo ndiyo leo," wifi alisema.

Mama Sponji alitema misumari kiganjani. "Leo ndiyo leo. Nikipata banda, tunahama na cherehani na sponji. Nisipopata, wifi yangu, sijui nitapigia wapi nyundo."

"Kwani watakunyima kwa lipi? Nani asiyejua mkono wako?"

"Hawatazami mkono. Wanatazama kochi zima."

Na hapo ndipo palipokuwa na tabu.

Wiki mbili nyuma afisa wa viwanda alikuja mtaani na kipaza sauti. Alikuwa kijana mpole, viatu vimejaa vumbi, tai ameilegeza. Aliwaeleza kwamba serikali imeanzisha kongano la samani kule pembeni ya barabara kuu. Watu wakamuuliza kongano ndiyo mnyama gani. Akasema kongano maana yake ni wenye kazi zinazohusiana kukaa mahali pamoja, wakaribiane, wasaidiane, wauze pamoja, na wenyeji wa eneo wapate kazi.

"Sasa hapa tumekaaje, bwana mkubwa?" aliuliza Mkereza, yule mwenye mashine ya kukereza miguu ya viti. "Tumekaa kila mtu na mkoa wake?"

Watu walicheka. Afisa naye alicheka, kwa heshima, kisha akasoma masharti. Kila fundi atakayetaka banda aje ukumbi wa halmashauri na kochi moja alilolitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, toka mwanzo hadi mwisho. Atakayefaulu atapata cheti cha fundi kamili na ufunguo.

Kicheko kilikatika. Watu walitazamana, wakatazama mikono yao.

Kwenye mtaa huo hakuna mtu aliyewahi kutengeneza kochi toka mwanzo hadi mwisho. Ingekuwa sawa na kumwambia mtu ajibebe mwenyewe mgongoni. Mzee Seremala aliunga fremu, basi. Mkereza, mlango wa pili, alitoa miguu. Kijana waliyemwita Vanishi alipiga msasa na kupaka rangi. Kochi likishavuka mtaa, Mama Sponji alilitia mipira ya kukalia na sponji, akalivisha. Mteja akija, alimwita yeyote aliyekuwa karibu. Kochi lilipita mikononi mwao kama mtoto anayelelewa na ukoo mzima, na ukimuuliza mtu limetengenezwa na nani, angekujibu, "Sisi."

Ni Mkereza aliyeleta wazo.

"Kochi ni bibi harusi," alisema, "ukimbadilisha gauni na viatu, hata shangazi yake hamjui. Tunatengeneza moja. Mzee anaingia nalo, akitoka tunalibadilisha nguo, tunalibadilisha miguu, Vanishi analiongeza weusi, naingia mimi. Kisha Vanishi. Kisha shemeji."

"Huo ni uongo," Mzee Seremala alisema.

"Mzee, uongo ni kusema umelitengeneza peke yako. Wao wametaka uongo, sisi tutawapelekea ule ule waliouomba. Kidole kimoja hakivunji chawa, ila leo wanataka kuona kidole."

Walibishana sana, na mwisho walikubaliana, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na lingine. Utaratibu ulijipanga wenyewe. Rangi ya mbao unaweza kuizidisha giza, huwezi kuirudisha nyuma; kwa hiyo Mzee angeingia na rangi ya asali, Mkereza na ya chai, Vanishi na ya kahawa. Mama Sponji angekuwa wa mwisho. Hakuna mwingine aliyeweza kulivisha kochi kwa haraka, na anayevisha wenzake hawezi kuwa ndani akihojiwa.

"Kinyozi hajinyoi," wifi alisema sasa, akiweka ndoo chini. "Wewe utawavisha wote. Wewe mwenyewe utavishwa na nani?"

"Nitajivisha."

"Haya. Mungu akupe mkono wa tatu."

Mkokoteni ulifika. Mzee Seremala alitangulia, kofia mkononi kama anayekwenda msibani. Walipakia kochi likiwa na kitambaa cha kijani, wakaongeza gunia la miguu ya akiba na furushi la nguo tatu ambazo Mama Sponji alikwisha kuzishona kwa cherehani, na safari ikaanza.

Nyuma ya ukumbi wa halmashauri palikuwa na uwanja mdogo uliozungushiwa ukuta, mahali pa kutupia madawati mabovu na makabati ya ofisi. Hapo ndipo walipoweka kambi. Wachukuzi wa ukumbini waliingiza kochi kwa mlango wa mbele na kulitoa kwa mlango wa nyuma, na kwa vile watu wa mitaa mingine nao walikuja na makochi yao, hakuna aliyejali lipi linakwenda wapi.

Mzee Seremala aliingia, akakaa kidogo, akatoka akijifuta shingo.

"Vipi?"

"Yule kijana afisa ana adabu," Mzee alisema. "Ameniamkia. Ameniuliza, mzee, umelitengeneza mwenyewe? Nikasema ndiyo. Akaniuliza kitambaa umekipiga kwa misumari au kwa gundi? Nikasema," hapo alimtazama Mama Sponji, "nikasema kwa uvumilivu."

Mkereza alicheka hadi akashika ukuta. "Kwa uvumilivu! Na akakuandika?"

"Amenipa cheti."

Mama Sponji hakuwa na nafasi ya kucheka. Alikuwa tayari amelala chali chini ya kochi, aking'oa misumari kwa koleo. Kitambaa cha kijani kilitoka, cha maroni kikaingia. Mkereza alizungusha miguu ya duara na kutia ya pembe. Vanishi alipitisha kitambaa chenye rangi ya spiriti, akapepea kwa kipande cha kadibodi, akapepea tena.

"Linanuka," alisema Mama Sponji kwa pua.

"Akiuliza nitasema kitu kipya hunuka," Mkereza alijibu. "Hata mtoto mchanga hunuka, shemeji."

Kabla Mkereza hajaitwa, karani alichungulia mlango wa nyuma na kuita waliokwisha kufaulu. Gari la idara lilikuwa linaondoka kwenda kuonyesha mabanda, na asiyekuwemo angepangiwa mwishoni, kule bondeni maji yanakosimama. Mzee Seremala alisitasita.

"Nenda, Mzee," walimwambia. "Fremu imeshakaa. Huna kazi tena hapa."

Akaenda.

Mkereza naye aliingia, akatoka na cheti amekikunja mfukoni, akakuta gari limerudi na dereva anapiga honi. Hata hakuagana vizuri. Alisema tu, "Miguu yako ile ya kupinda iko kwenye gunia, shemeji, izungushe kulia," akakimbia.

Wakabaki wawili. Mama Sponji aling'oa maroni, akatandaza cha kijivu, akajaza misumari mdomoni. Vanishi alikuwa amekishika kitambaa upande wa pili, akikivuta kama alivyoonyeshwa. Msumari wa kwanza uliingia. Haukulia.

Mama Sponji alisita. Akapiga wa pili. Nao uliingia kimya, laini, kama unapiga kwenye muhogo uliochemka. Alipitisha kidole kwenye ubao wa chini. Ulikuwa umetoboka kama chekecheke. Kila nguo ilikuwa imekuja na misumari yake na kuondoka ikiacha matundu yake, nao hawakuwa wamelifikiria hilo. Kwenye mtaa wao kochi huvishwa mara moja, likirudi limechakaa baada ya miaka hukutana kwanza na Mzee Seremala, naye huubadilisha ubao bila hata kuulizwa. Lakini Mzee alikuwa kwenye gari.

Kila upande ulibaki na pande moja zuri la ubao, upana wa viganja viwili, karibu na kona.

"Vipi, mama?" Vanishi aliuliza. "Kuna nini?"

Kijana alikuwa ameshika kitambaa kwa mikono miwili, vidole vimekuwa na rangi ya kahawa hadi kwenye kucha, anamtazama. Mama Sponji alifikiri kidogo. Angeweza kuyaruka mapande yale mazuri, akayaacha kwa ajili ya nguo yake mwenyewe. Lakini kazi iliyo mbele yako ndiyo unayoifanya, na iliyo mbele yake ilikuwa ya Vanishi. Alipiga misumari kwenye ubao mzima, akakivuta kitambaa kikakaa kama ngozi ya ngoma.

"Hakuna kitu," alisema. "Nenda. Na usimwambie kwa uvumilivu."

Vanishi alifaulu. Alitoka akirukaruka, akamshika mkono, akataka kubaki amsaidie. Dereva akapiga honi.

"Nenda, baba. Usije ukapangiwa bondeni."

Uwanja ukawa kimya. Mama Sponji aliligeuza kochi kichwa chini peke yake, akisukuma kwa bega, akazungusha miguu ya kupinda kulia. Furushini ilibaki nguo moja, mahameli ya buluu aliyokuwa ameiweka akiba siku nyingi, kipande kwa kipande, akisema siku nikivisha kochi langu. Aliitandaza. Akajaribu misumari mirefu zaidi, nayo ikaingia na kuyumba. Alivunja njiti za kiberiti, akazichovya gundi, akazishindilia kwenye matundu, akapiga juu yake. Hiyo ni dawa, ila ni dawa inayotaka usiku mzima ikauke. Karani alichungulia.

"Mama wa buluu! Zamu yako."

Ukumbi ulikuwa mkubwa kuliko kazi iliyokuwemo. Meza moja, karani na kompyuta, mpiga picha aliyekuwa akichezea simu kwenye kiti cha pembeni, na afisa. Wachukuzi waliliweka kochi katikati ya sakafu. Afisa alisimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Karibu. Pole kwa kusubiri. Hili umelitengeneza mwenyewe?"

"Ndiyo."

Alilizunguka. Alipapasa mgongo, akaminya sponji, akaitikia kwa kichwa. Kisha akafanya kile alichokuwa amekifanya kwa wote: akakaa. Akajiegemeza. Sauti iliyotoka haikuwa kubwa, ilikuwa kama mtu anayechana bahasha taratibu. Kona ya kushoto iliachia, kisha msumari baada ya msumari ukafuata, na mahameli ikateleza ikaacha sponji wazi.

Afisa aliinuka. Alichuchumaa, akainamisha kichwa, akatazama chini ya kochi. Alikaa hapo muda. Mama Sponji alijua anaona nini. Alikuwa ameng'oa misumari kwa pupa, na kila ulipokatika kichwa ulibaki na uzi wake: uzi wa kijani, uzi wa maroni, uzi wa kijivu, zote zimeshikana kwenye ubao mmoja.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, kama asiyetaka karani asikie, "kochi hili leo nimelikalia mara ngapi?"

Mama Sponji aliokota msumari uliodondoka sakafuni.

"Nililijua mara ya tatu. Lina mlio fulani ukikaa, upande wa kulia." Afisa alijifuta magoti. "Sikusema. Nilisema moyoni, wapite. Hata mimi hii kanuni sikuiandika. Imetoka juu, na huko juu hakuna aliyewahi kukaa mtaani kwenu."

"Basi nami nipite, mwanangu."

"Limeachia mbele ya watu, mama." Aliashiria kwa jicho kuelekea kwa karani, aliyekuwa ameacha kuandika na kutazama. "Hapa kuna mambo mawili tu ninayoweza kuandika. Naweza kuandika nilichokiona chini ya kochi. Nikikiandika, wale watatu watarudisha funguo. Au naandika kwamba huyu fundi, kazi yake haijafikia kiwango. Hilo linakuhusu wewe peke yako."

Kisha, kwa sauti ya kawaida, ya ofisi: "Mama, kitambaa hiki umekipiga wewe?"

Mama Sponji alitazama mahameli iliyoning'inia. Wanawake wa mtaa wa pili walikuwa wakileta vitambaa vyao kwake na kumwambia, tuvishie wewe, mkono wako hauachi makunyanzi. Kitu kama hiki, kona imelegea namna hii, asingekiruhusu kivuke kizingiti cha kibaraza chake hata kama mteja amepiga magoti.

"Nimekipiga mimi," alisema.

"Mbona kimeachia?"

"Nimekipiga vibaya."

"Umewahi kufundishwa kazi hii?"

"Bado najifunza."

Karani akaanza tena kuandika. Afisa aliinamisha uso, akajifanya anatafuta kalamu.

"Sitaki uondoke mikono mitupu, mama," alisema baadaye, na ilionekana anasema kweli. "Pale mbele ya kongano kuna mwekezaji. Amepewa eneo na amesamehewa kodi, kwa sharti aajiri wenyeji. Wewe ni mwenyeji. Nakuandika nguvukazi."

"Nitafanya kazi gani?"

"Kujaza mito. Kufagia. Watakavyokupangia."

"Na kuvisha makochi?"

"Hiyo ni ya wenye cheti."

Karani alimpa kizibao cha njano chenye mistari inayong'aa, akamwambia akivae kabisa, maana waliovaa ndio wanaohesabiwa. Kilikuwa kikubwa. Kilimfika karibu na magoti.

Alitoka nje akakaa kwenye ngazi za mbele, kochi lake limewekwa pembeni yake. Alikuwa akitafuta maneno ya kumwambia wifi. Nimepata kazi. Hilo lilikuwa kweli. Angeanza hivyo, kisha wifi angemtazama usoni, na yote yangemwagika.

Gari la idara lilirudi na wanaume watatu. Mkereza alishuka wa kwanza, ufunguo unaning'inia kidoleni. Hakuwa anacheka.

"Shemeji, umepangiwa banda gani?" alianza, kisha akaona kizibao. "Hii ni nini?"

"Mabanda yakoje?" aliuliza yeye.

Walitazamana. Vanishi ndiye aliyesema. "Mazuri. Bati jipya, sakafu ya saruji. Ila, mama, wameniingiza kwenye banda wakaniuliza mbao zangu zinafika lini. Mbao! Mimi nazijua mbao zikishapigwa msasa."

"Mwombe Mzee akuungie."

"Mzee yuko geti la kwanza, mimi niko nyuma ya transfoma. Na hairuhusiwi. Banda moja, fundi mmoja, kochi kamili. Ukionekana umeingiza mtu mwingine wanachukua ufunguo."

"Nimewauliza mashine yangu ya kukereza niiweke wapi," Mkereza alisema. "Wameniambia miguu haitachongwa hapa, inakuja kwenye kontena, imeshaagizwa. Nikawauliza, sasa mimi nitafanya nini? Wakanisomea cheti changu. Fundi kamili wa makochi." Aliutazama ufunguo. "Nimeupata uongo wangu, na risiti juu."

Mzee Seremala hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa ameinama kwenye kochi, anapitisha kidole kwenye ubao wa chini, tundu kwa tundu. Aliinuka taratibu.

"Ubao umekwisha," alisema.

"Umekwisha, Mzee."

"Ulijua saa ngapi?"

Mama Sponji alivuta ncha za kizibao. Vanishi alimtazama, kisha akatazama viatu vyake.

"Umewaambia nini mle ndani, binti yangu?"

"Nimewaambia sijui kuvisha."

Mzee alivaa kofia. "Naingia. Nawaeleza yote."

"Ukiingia tunakosa wanne." Alimshika mkono wa shati, kwa nguvu. "Ijumaa tingatinga linakuja, Mzee. Una wajukuu. Kaa."

Hakukaa, lakini hakwenda. Na hapo mlango ulifunguliwa na mpiga picha akatoka akipiga makofi kama mwalimu wa michezo.

"Haya, haya, jua linatuacha! Mafundi kamili upande huu, nguvukazi upande ule. Makochi yenu yako wapi, wazee? Mkubwa anataka picha ya mafundi na bidhaa."

"Yamekwenda kwa wateja," Mkereza alisema haraka.

"Yote?"

"Biashara nzuri."

Afisa, aliyekuwa mlangoni, alikohoa. Mpiga picha alitazama huku na huku, macho yakatua kwenye mahameli ya buluu. "Hili hapa linafaa. Rangi yake itatoka vizuri. Kaeni hapo. Lakini hii kona vipi? Fundi mmoja aweke sawa hii kona."

Mafundi kamili watatu walisimama. Mkereza aliishika kona, akaikunja huku, akaikunja kule, ikaachia. Vanishi alijaribu, akaiacha na alama ya kidole. Mpiga picha alianza kucheka.

"Nyie mmepewa vyeti kwa kazi gani?"

Afisa alimtazama Mama Sponji. Wenzake nao wakamtazama.

Aliinuka ngazini. Alipita nyuma ya kochi, akapiga magoti, akaikunja mahameli mikunjo miwili na kuivuta, na kona ikakaa kama imezaliwa nayo. Alitafuta mahali pa kupigilia. Hapakuwa na mahali. Kwa hiyo akaishika kwa mikono miwili, akaivuta chini, na mikono ikabaki hapo.

"Safi!" mpiga picha alisema. "Hapo hapo, mama. Usiachie. Wazee, kaeni."

Mkereza na Vanishi walikaa, na kitambaa kikamvuta vidole. Mzee Seremala alisema yeye atasimama.

"Kaa, mzee, picha ni ya kukaa. Mbona unanichelewesha?"

Mzee alikaa. Alikaa ukingoni kabisa, nyayo zimekandamiza ardhi, amejibeba kwa mapaja yake mwenyewe, na mapaja yakaanza kutetemeka.

"Mama, hicho kizibao kinang'aa. Kinaharibu picha. Shuka kidogo."

Alishuka.

"Na kichwa. Bado nakiona kichwa."

Aliinamisha kichwa hadi paji la uso likagusa ubao, bila kuachia kona. Kwa upande wa pili wa kochi alimsikia Mzee Seremala akipumua kwa shida, na mpiga picha akiwaomba watabasamu, tena, tena kidogo, huyu mzee bado.